Nisaini tamko la kumtetea mwanzilishi wetu?

Shikamoo Mama,

Mimi ni katibu wa bodi ya shirika dogo la hisani katika mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Tuna hosteli ya wasichana wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali. Bila hosteli wangepanga vyumba mitaani au wangeacha shule. Wachache tunawalipia ada ya VETA, chuo cha ufundi stadi. Aliyelianzisha ni mwalimu mstaafu, na hapa kwetu kila mtu anamwita Mwalimu, mkubwa kwa mdogo. Mimi mwenyewe nimetokea hosteli hiyo. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, Mwalimu ndiye aliyenichukua na kunifuatilia mpaka nikamaliza chuo. Nilipopata kazi aliniomba niwe katibu, nikakubali palepale.

Wiki iliyopita aliyekuwa mhasibu wetu, ambaye aliondoka kwa ugomvi, alirekodi sauti akaisambaza WhatsApp. Anasema michango mingi inaingia kwenye namba ya simu ya Mwalimu badala ya akaunti ya shirika. Anasema hati ya kiwanja cha hosteli ina jina la Mwalimu. Na anasema fedha walizochanga Watanzania walioko Uingereza kwa ajili ya kisima zilimalizia nyumba ya mtoto wake. Sauti imefika kila mahali. Wazazi wananisimamisha sokoni. Parokia moja ya Ujerumani inayotusaidia kila mwaka imeniandikia kuuliza kuna nini huku. Sijawajibu.

La namba ya simu ni kweli, nalijua. Tangu mwanzo watu wanamtumia yeye kwa sababu ndiye wanayemwamini. La kiwanja nasikia nalo ni kweli. La kisima sijui. Pampu haijafungwa mpaka leo, na Mwalimu anasema mkandarasi alimtoroka.

Bodi ina watu watatu: Mwalimu ni mwenyekiti, mdogo wake wa kiume ni mweka hazina, na mimi. Juzi huyo mdogo wake kaniletea tamko lililokwisha kuchapwa. Linasema "tuhuma zote ni uongo mtupu uliotungwa na mtu mwenye chuki," na kwamba "bodi imejiridhisha kuwa hakuna hata shilingi moja iliyopotea." Litasomwa kanisani Jumapili ijayo na kutumwa kwa wafadhili wote. Wao wawili wameshasaini, imebaki nafasi yangu. Aliponiona nasitasita akasema, "Usipomtetea wewe uliyelelewa naye, nani atamtetea?"

Mama, nisiposaini nitaitwa mtovu wa shukrani, na pengine nitakuwa nimeliangusha shirika kwa mkono wangu. Nikisaini, nitakuwa nimethibitisha jambo nisilolijua. Kuna wasichana 34 pale hosteli. Nifanye nini?

Katibu mwenye mawazo

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Usisaini. Nakwambia hivyo bila kujua kama Mwalimu ana kosa au hana, na hiyo ndiyo sababu yenyewe, kwa kuwa na wewe hujui. Hebu lisome tena tamko hilo. "Bodi imejiridhisha." Imejiridhisha lini, katika kikao gani, kwa kukagua daftari lipi? Hakuna kikao kilichokaa. Kati ya mambo matatu aliyosema mhasibu, moja unalijua kuwa kweli na la pili unalisikia kuwa kweli, halafu tamko linasema yote ni uongo mtupu. Waliotuma michango wana ujumbe wa muamala kwenye simu zao, wenye jina la Mwalimu na tarehe. Siku mmoja wao atakapouonyesha, hata kama la kisima ni uzushi, hamtapata mtu wa kuwasikiliza. Mtakuwa mmeitumia imani yote ya watu kukanusha jambo ambalo pengine halikuwa hata wizi, lilikuwa uzembe wa siku nyingi tu.

Sasa nije kwenye neno lililokuchoma, kwamba uliyelelewa naye ndiye unayepaswa kumtetea. Mwanangu, Mwalimu alikupa mengi ambayo hayanunuliki: alikutafuta, alikukalisha chini, alikukemea ulipolegea. Hayo ni yake, mshukuru mpaka kesho. Lakini unga uliokula hosteli na ada yako vililipwa na watu usiowajua. Kuna mama aliyetoa elfu mbili baada ya ibada. Kuna kijana anayefanya kazi za usiku Uingereza akatuma kidogo kila mwisho wa mwezi. Hao nao walikusomesha, na wao hawana mdogo wao ndani ya bodi wa kuwasemea. Kwenye bodi hiyo wewe ndiye uliyebaki kwa niaba yao. Shukrani yako ina wenyewe wengi.

Bodi ya watu watatu imenikumbusha Central Asia Institute ya Marekani, shirika lililokuwa likijenga shule, hasa za wasichana, katika milima ya Pakistan na Afghanistan. Mwanzilishi wake, Greg Mortenson, alipendwa kupita kiasi, na kitabu chake kuhusu kazi hiyo kiliuzwa kwa mamilioni. Aprili 2011 kituo cha televisheni cha CBS kikarusha kipindi kilichodai kwamba baadhi ya visa vya kitabuni havikutokea kama vilivyosimuliwa, na kwamba baadhi ya shule zilizotajwa zilikutwa tupu au hazikuonekana kabisa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana, ambako shirika lilikuwa na makao yake, akafanya uchunguzi, akatoa ripoti Aprili 2012.

Alichokikuta kinakuhusu. Bodi ilikuwa ya watu watatu, Mortenson akiwa mmojawapo, na wenzake wawili walikuwa watu wake. Shirika lilikuwa limetumia karibu dola milioni 4 kununua nakala za vitabu vyake, ilhali malipo ya mwandishi yalikwenda mfukoni kwake. Kulikuwa na gharama zake binafsi zilizolipwa na shirika, na kulikuwa na matumizi yasiyo na vielelezo. Mwanasheria Mkuu hakulifunga. Aliona kazi yake ina maana na linastahili kuokolewa. Lakini masharti yalikuwa makali. Mortenson arejeshe zaidi ya dola milioni 1, asiwe na kura kwenye bodi, asishike wadhifa wenye mamlaka juu ya fedha. Bodi ipanuliwe iwe na wajumbe wasiopungua 7. Na wale wawili wapishe. Hao wawili ndio ninaotaka uwaangalie. Waliondolewa kwa sababu kazi yao ilikuwa kusimamia, nao hawakusimamia. Saini yako kwenye tamko hilo itakuweka kwenye kundi lao, hata kama hujagusa senti.

Pengine utaniuliza: je, kumwomba Mwalimu akae pembeni si sawa na kusema ameiba? Hapana, na hapa nitakupa mfano wa Lance Armstrong, mwendesha baiskeli aliyeanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa wa saratani mwaka 1997. Mamlaka ya Marekani ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni ilitoa ripoti yake nzito dhidi yake tarehe 10 Oktoba 2012. Siku saba baadaye akaachia uenyekiti wa mfuko, na Novemba akatoka kwenye bodi kabisa. Jina lake likaondolewa kwenye jina la mfuko, ukabaki kuitwa Livestrong. Alikuja kukiri kwenye televisheni Januari 2013. Fikiria angekiri akiwa bado mwenyekiti! Fedha za mfuko hazikuwa hata sehemu ya kashfa, lakini uliumia vilevile: michango ilishuka, na Nike ikaacha kutengeneza bidhaa zake. Ila haukufa. Mwaka 2014 uliahidi dola milioni 50 kwa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Kukaa pembeni mapema ni kuliondoa shirika njiani, ili jambo la mtu lishughulikiwe kama jambo la mtu.

Na kuhusu nani aseme kwanza, waangalie L'Arche, jumuiya za watu wenye ulemavu wa akili na wanaoishi nao, zilizoanzia Ufaransa mwaka 1964 na ambazo ziko hata Uganda. Mwanzilishi wake, Jean Vanier, alifariki Mei 2019 watu wakimwona kama mtakatifu. Viongozi waliomrithi walikuwa wameajiri wachunguzi wa nje, na Februari 2020 wakatangaza wao wenyewe kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake sita. Hawakusubiri gazeti. Wakaunda tume, na mwaka 2023 wakatangaza tena kwamba waathirika walikuwa angalau 25. Uchafu ule ni wa aina nyingine, mzito kuliko wenu, na sifananishi makosa. Nafananisha mwenendo. Jumuiya zile zinaendelea, na ukisoma walichoandika unaona wamewatanguliza walioumizwa na jina la mwanzilishi wakaliacha lijibebe lenyewe.

Basi, kazi ya wiki hii. Anza kwa kwenda kwa Mwalimu mwenyewe, nyumbani, kabla ya kikao chochote, tena usiende peke yako. Tafuta mtu mzima anayemheshimu na asiye ndugu yake: mchungaji, mwalimu mstaafu mwenzake, mama mmoja wa kanisani. Usimpigie simu wala usimwandikie meseji kwa jambo hili. Mwambie takriban hivi: "Mwalimu, sijaja kukuhukumu, na sitamruhusu mtu akutukane mbele yangu. Lakini tamko siwezi kulisaini, kwa sababu hatujakagua kitu. Nakuomba ukae pembeni kwa muda, wewe na mdogo wako, mkaguzi wa nje aje aangalie vitabu. Kama hakuna kitu, yeye ndiye atakayekusafisha. Mimi na mdogo wako hatuwezi." Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukasirika, anaweza kulia. Yote ni haki yake, na usijibizane naye.

Halafu mwombe jambo moja ambalo yeye tu anaweza kulitoa, nalo ni taarifa ya miamala ya namba yake kutoka kampuni ya simu. Wewe huwezi kuiomba, mkaguzi hawezi kuiomba hivi hivi. Mwenye laini ndiye anayepewa. Akiileta kwa hiari yake, amejitetea kuliko matamko kumi. Mwulize pia kuhusu kisima kwa utulivu: mkataba na mkandarasi uko wapi, alilipwa kwa awamu ngapi, kwa njia gani? Alipotoroka, Mwalimu aliripoti polisi? Kama aliripoti, kuna RB, yaani namba ya taarifa ya polisi. Mtu aliyetapeliwa kweli huwa na angalau karatasi moja ya kuonyesha, na ikipatikana hiyo, nusu ya moto huu itazimika.

Suala la kiwanja lisikutie hofu kupita kiasi. Mara nyingi mwanzilishi hutoa ardhi yake kabla shirika halijasajiliwa, na hati hubaki na jina lake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 linaweza kumiliki mali kwa jina lake. Mwombe aandike kwa mkono wake kwamba kiwanja ni cha shirika, mbele ya wakili, na mchakato wa kuhamisha hati uanze. Akikataa hilo, hapo utakuwa umejua kitu.

Soma katiba yenu usiku wa leo, ile iliyosajiliwa, siyo nakala ya rasimu. Tafuta kifungu cha mkutano wa dharura na nani ana haki ya kuuitisha. Kwa kuwa mwenyekiti na mweka hazina wote wana maslahi katika jambo hili, hawawezi kulijadili wala kulipigia kura, na wewe peke yako si akidi. Kwa hiyo peleka suala kwa wanachama kwenye mkutano mkuu, waongeze wajumbe wa muda ambao hawana undugu wala deni na Mwalimu. Mtu wa ile parokia ya Ujerumani inayowasaidia kila mwaka asiwe mmoja wao. Mfadhili abaki mfadhili. Mweleze pia afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yenu, ambaye ndiye kiungo chenu na Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Wengine wanaogopa kwamba kwenda huko ni kujishtaki. Msajili anayesikia habari kutoka kwenu, na mpango mkononi, ni mtu tofauti na Msajili anayezisikia mtandaoni. Na sheria tayari inawadai taarifa ya kazi ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa, tena ziwe wazi kwa umma. Kama hamjawahi kuzipeleka, lisemeni hilo nalo.

Fedha zisimame siku hiyohiyo. Fungueni lipa namba kwa jina la shirika, na ile ya Mwalimu itangazwe kuwa haitumiki tena. Watia saini benki wawe wawili au watatu, wasio wa nyumba moja. Daftari, stakabadhi, hata karatasi zilizofungwa kwa mpira kwenye droo, vipigwe picha na nakala ikae kwa mtu wa nje. Mtu asifute meseji yoyote kwenye kundi la bodi. Mkaguzi awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na asiwe aliyewahi kuwafanyia "kama msaada".

Badala ya tamko lile, mimi ningeandika hivi:

"Kumekuwa na tuhuma kuhusu fedha za shirika letu, nasi hatuzipuuzi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi baadhi ya michango imepokelewa kwa namba ya simu ya mwenyekiti. Utaratibu huo umesimamishwa. Kuhusu fedha za kisima bado hatujui, na tumemwagiza mkaguzi wa nje atafute ukweli. Mwenyekiti na mweka hazina wamekaa pembeni mpaka kazi hiyo iishe; kukaa pembeni si kukiri kosa. Matokeo yatasomwa hapahapa, yawe yoyote yale. Hosteli inaendelea. Mwenye stakabadhi au taarifa tunaomba atuletee."

Ona lilivyo fupi. Hakuna "maadui wa maendeleo", hakuna mhasibu kutajwa. Linasema mnalojua, linasema msilolijua, na linatoa ahadi ambayo watu wanaweza kuwadai. Sentensi ya "bado hatujui" ndiyo itakayokutisha kuiandika. Iache. Watu husamehe bodi isiyojua na inayotafuta.

Parokia ya Ujerumani na ndugu wa Uingereza uwajibu wewe kabla tamko halijasomwa popote. Wapigie, kisha uwatumie maandishi hayohayo, neno kwa neno, wasije wakasikia toleo lao na kanisa likasikia toleo lake. Wakisema wanasimamisha msaada mpaka ukaguzi uishe, usibembeleze. Waombe tu kama wanaweza kulipia chakula cha wasichana moja kwa moja kwa muuzaji wakati mnasubiri. Wengi hukubali hilo.

Yule mhasibu, hata kama aliondoka kwa hasira na hata kama njia aliyoitumia si nzuri, mwandikieni barua rasmi, mkaguzi amsikilize. Mtu mwenye kinyongo anaweza kusema kweli. Na wewe usirudie madai yake kwa yeyote kana kwamba yamethibitishwa, hata kwa shoga yako wa karibu. Kabla ya ukaguzi, "Mwalimu kala hela ya kisima" ni kashfa, na unaweza kushtakiwa.

Ukaguzi ukionyesha ni uholela tu, Mwalimu anaweza kurudi kama mlezi, mwenye heshima zote, asiye na saini benki. Ukionyesha wizi, suala liende polisi au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na mtatangaza hilo kama mlivyoahidi. Na kama wao wawili wakikataa kila kitu na kulisoma tamko lao hata hivyo, jiuzulu kwa barua yenye sababu, nakala kwa wanachama na kwa Msajili. Usiondoke kimyakimya, kwa sababu jina lako litaendelea kutumika.

Wasichana msiwasahau. Wanayo sauti hiyo kwenye simu za ndugu zao, wanaambiana usiku. Kaa nao jioni moja, matroni akiwepo, uwaeleze kwa maneno yaleyale ya tamko. Hawatakuuliza habari za hati wala namba ya simu. Watakuuliza kama wanarudishwa nyumbani. Kwa hiyo kabla hujaingia ukumbini, piga hesabu na matroni mjue unga, maharage na kuni vilivyopo vinafika wapi, nani anawadai na nani amelipwa, uweze kuwatajia tarehe.